Mbao imekuwa nyeupe, kromu inachubuka, paneli zimevimba: nianzie wapi ndani ya gari la zamani?

SWALI: "Habari mtaalamu. Nina Mercedes W123 ya 1984, injini na bodi ziko vizuri, shida iko ndani. Mbao ya zebrano (ile yenye mistari mistari) ya pale katikati kwenye swichi za vioo ina nyufa nyembamba nyingi na sehemu zingine imekuwa nyeupe kama ina ukungu kwa ndani. Urembo wa kromu wa milangoni na kuzunguka redio unachubuka, chini yake inaonekana plastiki ya kijivu. Paneli za milango miwili zimevimba na kupinda kwa chini. Fundi mmoja kaniambia tupige msasa mbao yote tupake vanishi ya fanicha, kromu tupulizie spreya ya silva, paneli tuzipige skrubu zilale. Anasema ni kazi ya siku moja. Roho inasita. Nikubali au nisubiri?"

JIBU:

Subiri ndugu yangu. Nimefurahi roho imesita kabla msasa haujagusa ile mbao, manake katika yote matatu uliyoshauriwa hilo la msasa ndo halina marekebisho. Spreya ya silva kwa tabu utaitoa, skrubu utazifungua ubaki na matundu ya kuziba, lakini vinia ikishaliwa na msasa hakuna cha kurudisha, unatafuta mbao nyingine.

Ninavyokuelewa, unachotaka kujua ni kama hivi vitu vimeshakufa au vinapona. Kwa jinsi ulivyoeleza, mbao inapona kabisa, paneli zinapona na hata zikishindikana zinatengenezwa upya bila shida kubwa, kromu ndo yenye mtihani, nitakwambia kwa nini. Ila ujue hizi ni shida tatu zenye sababu tatu tofauti, na ndo maana dawa moja ya "piga msasa pulizia" haiwezi kuzitibu zote.

Nianze na mbao maana ndo roho ya gari lako pale ndani. Watu wengi wakiona ule weupe wanadhani mbao imeoza au imeota ukungu, basi wanakimbilia kuikwangua. Hapana, mara nyingi mbao yenyewe ni nzima. Unachokiona ni hewa. Pale juu kuna vinia, yaani ubao mwembamba sana chini ya milimita moja, umegundishwa juu ya kitu kingine (inaweza kuwa ubao, plastiki au alumini, inategemea gari na kipande chenyewe), halafu juu ya vinia kuna vanishi nene ngumu ya kiwandani. Ile vanishi ikiachia mbao, hata kwa nafasi ndogo kuliko unywele, hewa inaingia katikati na mwanga unatawanyika badala ya kupita mpaka kwenye mbao, basi jicho linaona weupe.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe leo hii bila kuharibu kitu. Chukua kijiti chenye pamba, kichovye kwenye tapentaini kidogo tu, gusa kwenye ufa karibu na sehemu nyeupe halafu tulia uangalie. Kama ni hewa, tapentaini itanyonywa kupitia ule ufa na utaona weupe unafutika taratibu, mistari ya zebrano inarudi na rangi yake nzuri ya kahawia, halafu ikikauka weupe unarudi vilevile. Ukiona hivyo jua mbao iko salama chini, kilichokufa ni vanishi. Ukiona weupe haubadiliki kabisa hata tapentaini ikiingia, hapo kuna uwezekano unyevu umefika kwenye gundi au nyuzi za juu za mbao zimechoka, na kazi itakuwa kubwa zaidi.

Kwa nini imeachia? Jua na unyevu. Mbao hata ikiwa nyembamba namna gani bado inavuta unyevu na kuutoa, inatanuka na kusinyaa kwa upande wa kukata nyuzi, wakati vanishi ngumu haiwezi kuifuata hivyo. Miaka inavyoenda inachoka inapasuka. Halafu miale ya UV inapenya vanishi inakula lignini, ambayo ndo inashikilia nyuzi za mbao pamoja, kwa hiyo vanishi inabaki imeng'ang'ania tabaka lililolegea. Na joto usilichukulie poa. Watafiti wa Arizona State University kwenye utafiti uliotoka 2018 walipima magari yaliyoegeshwa juani saa moja wakakuta dashibodi zinafika wastani wa nyuzi 69 za Selsiasi. Hiyo ni saa moja tu, gari lako lina miaka ya kutosha ya kupigwa hivyo.

Sasa unaona tatizo la vanishi ya fanicha. Ukiipaka juu ya ile ya zamani haitibu chochote, ufa na hewa viko chini yake na vitaonekana vilevile, sanasana vitang'aa zaidi. Ukikwangua zote halafu ukaipaka, nyingi ya zile za ndani ya nyumba hazina kinga ya UV na zinalainika kwenye joto kama hilo, zinageuka njano na kushika alama za vidole. Na hata kabla ya kufika huko, mashine ya msasa haijui vanishi inaishia wapi na vinia inaanzia wapi, kwenye kona na kwenye mdomo wa matundu ya swichi ni sekunde tu imeshatoboa.

Una njia kadhaa na zote ni halali. Ya kwanza ni kuiacha. Nasema kwa dhati kabisa, kama nyufa ni nyembamba na weupe ni sehemu ndogo, isafishe, ikinge na jua, iendelee kuishi na umri wake, kuna wapenzi wa magari ya zamani wanaothamini kitu cha asili chenye nyufa kuliko kipya kinachong'aa. Ya pili ni kutafuta kipande kingine kutoka gari lililochinjwa, ila hapo ujue mistari na rangi havitafanana na vipande vingine vya gari lako, na zebrano ina mistari mikali kwa hiyo tofauti inaonekana haraka. Ya tatu ni zile stika za mbao za kubandika juu, hizo mimi sizishauri hata kidogo kwa mbao halisi, siku ukizibandua zinaweza kuondoka na vinia. Ya nne ni kuvua vanishi yote na kupaka upya, na kama weupe umesambaa hii ndo ya maana.

Ukichagua hiyo ya nne, kazi ndefu ni ya maandalizi na unaweza kuifanya mwenyewe. Chomoa betri kwanza, piga picha nyaya zote za swichi kabla hujazitoa, toa kipande kizima usifanyie kazi kikiwa garini. Halafu kioshe kwa kiondoa mafuta na nta, hata kabla hujafikiria kukwangua, na hapa nasisitiza sana: zile dawa za kung'arisha dashibodi nyingi zina silikoni. Ukipiga msasa juu yake unaisukuma ndani ya nyufa mpaka kwenye mbao, halafu siku ya kupulizia vanishi mpya inakimbia inaacha vitobo vya duara kila mahali, na hapo utarudia kazi yote. Osha, futa kwa kitambaa safi, badilisha kitambaa, osha tena.

Kuvua, tumia draya ya nywele kupasha kidogo sehemu moja moja halafu ingiza wembe au kisu cha plastiki kwenye ukingo wa pale palipokwishaachia, ukilaza karibu flati kabisa, ukisukuma kufuata nyuzi. Pale palipokuwa peupe vanishi inaruka yenyewe vipande vikubwa, ni vikali kama vioo kwa hiyo vaa miwani. Pale inaposhika usilazimishe, pasha kidogo tena au paache mwishoni. Joto likizidi gundi ya chini ya vinia nayo inaachia, ukiona mbao inaanza kuinuka kama kiputo zima draya palepale, lalisha kwa kitu kizito mpaka ipoe. Kuhusu dawa za kuvua rangi, zile kali za zamani zilikuwa na dikloromethani, mvuke wake umeshaua watu waliofanya kazi kwenye vyumba visivyo na hewa na Marekani ilizuia zisiuzwe kwa mtumiaji wa kawaida 2019. Zilizopo sasa ni za polepole lakini zinafanya kazi, ila jaribu kwanza kwa nyuma maana kama kitako ni plastiki inaweza kukiyeyusha.

Ukishavua, msasa ni wa mkono tu, namba 320, umezungushiwa kwenye kipande flati, kufuata nyuzi, na lengo ni kutoa mabaki tu, siyo kulainisha. Ukingoni usiguse kabisa kama si lazima.

Rangi sasa. Utakuta mbao imepauka kwa jua, lakini angalia pale palipofunikwa na fremu za swichi za vioo, kuna kiukanda chembamba ambacho hakijawahi kuona jua tangu kiwandani. Hiyo ndo rangi yako ya asili, huhitaji picha ya kwenye simu. Futa mbao yote kwa tapentaini, ikiwa bado imelowa ndo utaona rangi itakayokuja kuonekana chini ya vanishi, linganisha na kile kiukanda, ndo uamue kama unahitaji kutia rangi au la. Wengi wanatia rangi wakati mbao ni kavu inaonekana imepauka, wakishapaka vanishi inakuwa nyeusi kuliko walivyotaka.

Vanishi ya mwisho inayofaa ni klia ya magari ya kuchanganya na hadena, ile wanaita 2K, yenye kinga ya UV. Na hapa ndo naomba usipulizie mwenyewe, umpelekee mpulizaji mwenye chumba cha rangi. Hadena yake ina kemikali inayoitwa isosayaneti, ukiivuta inaweza kukupa pumu ambayo haitoki tena, kitambaa usoni hakisaidii kitu na hata barakoa ya mkaa siyo ya kuitegemea kwa kazi hii, wenye kazi wanavaa ile inayoletewa hewa safi kwa bomba. Wewe mpelekee kipande kikiwa tayari, yeye apige matabaka, kila baada ya machache kinasawazishwa kwa msasa wa maji mpaka vishimo vya nyuzi vimejaa, hakuna haraka hapo, ukipiga nene mara moja thina inabaki imenaswa chini na baadaye vanishi inazama kila ilipo nyuzi. Kama mgongo wa kipande ni ubao mtupu mwambie aupige tabaka moja nyembamba pia, unyevu usiingie kwa nyuma wakati mbele pamefungwa. Kikitoka kiache kikomae wiki kadhaa ndo upitishe msasa namba 1500, 2000 na kompaundi ya kung'arisha.

Tuje kwenye kromu. Ndani ya gari la zamani kinachong'aa chote tunakiita kromu lakini ni vitu vitatu: chuma kilichopigwa kromu kweli, alumini iliyopitishwa anodaizi (yaani iliyotiwa tabaka gumu la kinga kwa umeme), na plastiki yenye utando wa kung'aa. Chako kinaonekana ni plastiki kwa sababu umesema chini ni kijivu, ila usidhani vyote ni sawa, cha redio kinaweza kuwa plastiki na cha mlangoni kikawa alumini. Vigeuze uone mgongo. Plastiki utaijua kwa wepesi na alama za kiwandani kwa nyuma, chuma na alumini ukigusa ni baridi, na chuma kilichopigwa kromu kikiharibika kinatoa vipele vyenye unga mweupe au kutu, siyo kuchubuka kama ngozi.

Ule utando wa kwenye plastiki mara nyingi ni alumini iliyogeuzwa mvuke ikatua juu ya plastiki ndani ya chemba isiyo na hewa, haufiki hata sehemu ya elfu moja ya milimita, juu yake kuna klia nyembamba basi. Ndo maana polishi ya metali inauondoa kwa dakika moja, na dawa za vioo zenye amonia zinauonea pia. Kuanzia leo usafishe kwa maji na sabuni laini tu, kitambaa laini, bila kusugua.

Spreya ya silva haitakupa kromu. Itakupa silva. Hata zile zinazoandikwa kromu, nyingi zinapendeza mpaka uziguse, na ukizipiga klia kuzilinda zinafifia kuwa kijivu. Kama urembo ni mstari ulionyooka, utepe wa kubandika wenye sura ya kromu unatoka vizuri kabisa ukishasawazisha chini, na ni rahisi kuutoa. Kwa kingo ndogo zilizochubuka kuna kalamu za wino wa kromu, kwa mbali huoni tofauti, kwa karibu unaona. Ukitaka irudi kama kiwandani unahitaji mtu mwenye chemba ya kufanya ule mvuke, ni wachache na bei yao siyo ndogo, kwa hiyo mara nyingi kutafuta kipande kizima kilichotumika ndo akili zaidi. Usimpelekee mtu wa kuchovya kromu ya bampa bila kumwambia ni plastiki, kazi ya plastiki ina hatua zake na si kila mwenye matangi ya kuchovya anazo. Na wewe mwenyewe usijaribu kuchovya nyumbani hata video ikikuonyesha ni rahisi, kemikali ya kromu inayotumika pale inasababisha saratani. Kama vya mlangoni vitakuwa alumini, usisugue kwa polishi ukitegemea ving'ae, alumini hiyo ikififia, ufifi uko kwenye tabaka la anodaizi lenyewe na lazima livuliwe kwanza, na dawa yoyote yenye kostiki soda inalila hilo tabaka kwa mabaka, hiyo mpe mwenye kuijua.

Paneli za milango sitazichukulia muda mrefu kwa sababu shida siyo paneli, ni maji. Mvua inaingia mlangoni pembeni ya kioo kila siku, ni kawaida, imetengenezwa hivyo, inashuka ndani ya mlango na kutokea matundu ya chini. Kati ya maji hayo na paneli kunatakiwa kuwe na karatasi ya plastiki iliyobandikwa kwenye chuma. Mtu akishafungua mlango kurekebisha kioo akaichana au akaitupa, hadibodi ya paneli inakunywa maji kwa chini inavimba. Nina hakika kubwa ukifungua hiyo milango miwili utakuta plastiki haipo au imechanika, na matundu ya chini yamejaa uchafu. Zibua matundu, weka plastiki mpya nene, ibandike pande zote na mwisho wake wa chini uuingize ndani ya mlango ili maji yadondokee ndani na siyo kwenye paneli. Mwaga maji taratibu kwenye kioo kwa nje uangalie kabla ya kufunga.

Paneli yenyewe, kama hadibodi imepinda tu, ilowanishe kidogo kwa nyuma, ibane katikati ya mbao mbili flati mpaka ikauke kabisa, halafu paka epoksi nyepesi sehemu ya chini kwa nyuma iwe ngumu isinywe tena. Kama imesambaratika kama uji, kata mpya ukitumia ya zamani kama ramani, matundu ya klipu yakae palepale, halafu hamisha ngozi yake kwa gundi ya kugusanisha inayostahimili joto, paka pande zote mbili, subiri mpaka ukigusa haishiki kidole ndo uunganishe. Skrubu achana nazo kabisa. Nyuma ya paneli kuna nyaya na reli, na kioo kikishuka kinakaa hapohapo, skrubu ndefu itakutana nacho.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni milango kwanza maana maji hayasubiri, mbao ya pili, kromu mwisho. Mtafute mtu wa kumwona ana kwa ana kama ile tapentaini haibadilishi weupe, kama vinia yenyewe imeinuka au ina kipande kilichokatika, na kwa kupulizia 2K kama nilivyosema. Pia kama kwenye usukani wako kuna mfuko wa hewa wa usalama, maana Mercedes walishaanza kuuza magari yenye nao 1981, sehemu zake usizifungue, mwachie mwenye utaalamu. Kabla hujampa mtu mbao yako muulize atavuaje vanishi, akikujibu mashine ya msasa mshukuru uondoke na mbao yako, na muombe akuonyeshe kazi ya zamani iliyokwishakaa juani, siyo ya wiki iliyopita maana ya wiki iliyopita zote zinang'aa.

Ukishafungua nitumie picha mbili, mgongo wa ule urembo wa redio na ukingo wa mbao ukiwa chini ya mwanga wa pembeni, hapo nitaweza kukwambia kitu cha uhakika zaidi kuhusu kromu na kama vinia yako iko nzima mpaka kwenye kona.